Mzee Anayewazuia Vijana

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Sijui ugonjwa unaostahili msemo huo kuliko saratani, kwa maana chembe zake ni za mwili wenyewe zilizoasi.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, kushoto na kulia. Habari za uvimbe huo alizichapisha mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi ugonjwa ule umeonekana. Jibu likawa: penye joto na mvua, si kwenye baridi ya milimani. Sisi wa Mbinga twaielewa tofauti hiyo bila ramani. Kutoka Mbuji, kwenye ngoro za Wamatengo, na kuteremka hadi Mbamba Bay ni kuingia nchi nyingine, nchi ya mbu. Baadaye ilijulikana kuwa malaria, pamoja na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964, ndivyo vinavyoufungulia mlango ugonjwa huo.

La kustaajabisha lilikuwa tiba. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu za dawa iitwayo siklofosfamaidi, hata ikadhaniwa kuwa mwili wenyewe ulimalizia kazi. Kama mwili waweza, mbona mara nyingi hushindwa?

Sehemu ya jibu ilitoka Japani. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi alionyesha kuwa miongoni mwa askari wa damu wamo watulizaji, wanaowazuia wenzao wasiushambulie mwili wao. Yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Mtulizaji ni kama mzee wa kijiji anayewazuia vijana wasimpige asiye na hatia. Saratani humvuta mzee huyo asimame mlangoni pake, na vijana wakarudi nyuma. Tena, katika wanyama wa maabara, siklofosfamaidi ile ile kwa dozi ndogo huwapunguza watulizaji hao.

Basi wataalamu wanatafuta dawa za kuwaondoa ndani ya uvimbe tu. Wakiondolewa mwilini mote, vijana watachoma kijiji. Kazi hiyo haijaisha. Lakini uvimbe wa taya wa mtoto una tiba tangu zamani. Hukua upesi mno, na tiba humfaa aliyewahishwa hospitali, si aliyezungushwa kwanza kwa waganga.