Uvundo wa tangi la choo kwenye nyumba ya zamani: unapita wapi, na unazuiwaje

Masika yakikolea, tunapokea ujumbe wa simu unaofanana mwaka hadi mwaka. Nyumba ni ya wazazi, ilijengwa zamani, choo ni cha maji, na jioni ikiingia sebule nzima inanuka yai viza. Msikilizaji ameshamwaga chooni dawa za kila rangi zinazouzwa dukani. Uvundo unatulia siku mbili, kisha unarudi. Swali lake ni moja: ni dawa gani iliyo kali zaidi?

Tunamjibu aweke pesa yake mfukoni kwanza. Tangi la choo litanuka siku zote, kwa sababu kazi yake ni kuozesha. Kinachotakiwa ni hewa ya tangi kutokea juu ya paa, isitokee bafuni. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: hewa hiyo inaingia ndani kwa njia ipi? Mara nyingi njia hiyo huzibwa kwa ndoo ya maji au kipande cha bomba.

Kinachotokea ndani ya tangi

Tunazungumzia tangi la septiki, ambalo kwa wengine ni karo na kwa wengine ni chemba kubwa. Uchafu ukiingia humo hujigawa. Mzito huzama na kuwa tope, mafuta na vyepesi huelea juu kama utando, na katikati hubaki maji ambayo hutoka polepole kwenda kwenye shimo la kunyonyea. Vijidudu vinavyoishi bila hewa safi hula tope hilo na kutoa gesi. Methani haina harufu ila inashika moto. Ile inayonuka yai viza ni haidrojeni salfaidi, na tutairudia hapa chini kwa sababu inaua.

Gesi hiyo hiyo ndiyo inayozitesa nyumba za zamani. Ikikutana na unyevu chini ya mfuniko wa zege, vijidudu vingine huigeuza kuwa tindikali, na tindikali hula zege kutoka upande wa chini. Juu mfuniko unaonekana mzima, watoto wanaruka juu yake, mama anaanikia mahindi. Chini umebaki unga na nondo zilizooza. Kama mfuniko wa tangi lenu una umri wa miaka 20 au 30 na haujawahi kuinuliwa, weka uzio leo, hata wa miba, kabla hujaendelea kusoma kuhusu harufu.

Anza na maji yaliyolala kwenye bomba

Chini ya kila sinki, bafu na bakuli la choo bomba limepinda kama herufi U. Mafundi huiita trapu. Katika pindo hilo hubaki maji kidogo, kina cha sentimita tano au zaidi kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya tangi isipande. Hakuna kizuizi kingine. Maji yakikauka, mlango uko wazi.

Yanakaukaje? Bafu la wageni halijatumika tangu Krismasi. Tundu la sakafuni la kutolea maji ya kudekia halijapata maji kwa wiki kadhaa, maana siku hizi wanapiga deki kwa tambara. Jua la kiangazi nalo linachangia. Kwa hiyo jioni moja pita nyumba nzima na ndoo: mimina lita moja au mbili kwenye kila tundu, hasa yale mliyoyasahau. Subiri hadi asubuhi. Uvundo ukiisha, umepona bila kutumia hata shilingi. Kwenye tundu lisilotumika sana, ongeza vijiko viwili vitatu vya mafuta ya kula juu ya maji. Mafuta huelea na kuzuia maji yasikauke haraka.

Kama harufu bado ipo, ziba matundu kwa zamu. Weka mfuko wa plastiki wenye maji juu ya tundu moja, usiku mmoja, kisha hamia jingine. Usiku ambao nyumba haikunuka, umempata mkosaji. Inachosha, lakini ni rahisi kuliko kumlipa fundi avunje sakafu ya vigae kwa kubahatisha.

Kuna nyumba ambazo trapu hazikuwekwa kabisa. Fundi wa enzi hizo alinyoosha bomba moja kwa moja hadi nje, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na madirisha ya mbao yenye nafasi, upepo ulipita na hakuna aliyelalamika. Siku mlipoweka madirisha ya aluminiamu na kuziba kila upenyo, harufu ya miaka yote ikakosa pa kutokea. Hapo dawa ni kufunga trapu, na kwa sinki ni kazi ya saa moja.

Bomba la hewa: hapa ndipo nyumba nyingi hukosea

Maji mengi yanaposhuka kwa kishindo huvuta hewa nyuma yake. Kama hakuna bomba la hewa, yanavuta maji yaliyolala kwenye trapu ya jirani. Utasikia sinki likifanya glu-glu-glu kila mtu anapovuta maji chooni. Huo mlio unakwambia jambo ambalo chupa ya dawa haiwezi kukutatulia: mfumo wako hauna pa kupumulia.

Bomba la hewa ni lile la plastiki, mara nyingi la inchi nne, linalopanda ukutani kutoka chooni au kwenye tangi. Linatakiwa lipite juu ya paa, angalau nusu mita kupita sehemu ya juu kabisa, ili upepo unaopita juu yake uvute hewa kutoka chini. Tukiuliza wasikilizaji, tunasikia mambo haya haya. Walibadilisha mabati na fundi wa paa akalikata bomba kwa sababu lilimsumbua. Au lina kiota cha ndege, au nyigu wamelijenga. Au limeishia chini ya dari, na dari imekuwa chumba cha kuhifadhia uvundo. Na mara nyingine liko sawa kabisa ila limefungwa mita moja kutoka dirisha la chumba cha kulala, jambo linaloeleza kwa nini harufu huja usiku upepo ukitulia.

Kuliongeza bomba hadi juu ya paa ni kipande kimoja, kiungio kimoja na gundi. Juu funga wavu mgumu usiooza, kwa sababu mbu aina ya kulex hupenda sana kuzaliana kwenye maji machafu ya vyoo, na bomba lisilo na wavu ni barabara yao. Watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanalijua hili vizuri: mwishoni mwa miaka ya 1980 mashimo yao ya vyoo yaliwekewa chembe nyepesi za plastiki zilizoelea na kufunika maji, mbu wakakosa pa kutagia, na hiyo ilikuwa sehemu ya kampeni ya kupambana na matende.

Tangi likijaa

Ikiwa maji yanateremka polepole katika nyumba nzima, majani juu ya shimo la kunyonyea yamestawi kuliko pengine, au ardhi pale imelowa na inanuka, tatizo si hewa tu. Tangi limejaa tope, au shimo la kunyonyea limeziba. Wakati wa masika kuna sababu ya tatu: maji ya ardhini yamepanda na shimo halina pa kuyapeleka yake. Hapo kunyonya tangi kutakupa nafuu ya siku chache tu. Punguzeni maji mnayoyapeleka humo, elekezeni maji ya paa mbali na shimo, na msubiri ardhi ikauke. Kuna hatari pia ya kulikausha kabisa tangi la zamani la matofali wakati ardhi imeloa, maana maji ya nje yanaweza kuzisukuma kuta zikaanguka ndani. Tangi la plastiki nalo linaweza kuinuka.

Kupima tope si kazi ngumu. Chukua mti mrefu, zungushia kitambaa cheupe kwenye nusu ya chini, uteremshe kupitia tundu la ukaguzi hadi ugote, subiri dakika chache, utoe taratibu. Pale kitambaa kilipochafuka sana ndipo tope linapoishia. Likifika theluthi moja ya kina cha tangi, ni wakati wa kuita gari la kunyonya maji taka. Kwa familia ya kawaida hii huja kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Fanyeni kazi hiyo watu wawili, simameni upande upepo unakotokea, msiinamie tundu, na asiwepo anayevuta sigara.

Gari lisipofika kwenu, na vijiji vingi haliyafikii, kazi hufanywa na watu wenye pampu za mkono na ndoo za kamba. Dar es Salaam mafundi wa kutapisha vyoo wanajulikana kwa jina la vyura. Ukiwaajiri, sharti lako liwe moja: hakuna anayeshuka ndani.

Asishuke mtu

Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini ya shimo. Ikiwa kidogo, pua huisikia upesi. Ikizidi, hulemaza pua yenyewe: mtu aliyeshuka ataona harufu imekwisha, atadhani hewa imesafika, na baada ya pumzi chache atapoteza fahamu. Kutosikia harufu ndani ya shimo si dalili ya usalama.

Taarifa za namna hii zimesomwa redioni zaidi ya mara moja katika nchi zetu. Simu inadondoka chooni. Kijana anashuka kwa kamba. Haitikii. Kaka yake anamfuata kumwokoa, kisha jirani. Simu mpya ina bei na inanunulika.

Wazee walikuwa wakiteremsha taa au mshumaa kupima hewa. Moto ukizimika, ujue hewa ya kuvuta ni haba. Lakini moto unaweza kuendelea kuwaka vizuri mahali penye haidrojeni salfaidi ya kutosha kuua, na ikiwepo methani unaweza kulipua. Msiutumie. Kitambaa kilicholowekwa maji puani hakizuii gesi hii. Akianguka mtu, piteni kelele za kuita msaada, pigeni simu ya zimamoto au kituo cha karibu, na kama alikuwa amefungwa kamba mvuteni mkiwa juu.

Na zile dawa?

Wengi wametuuliza kuhusu hamira. Haina madhara, ila tangi tayari lina vijidudu vyake, na kila siku mnaliletea vingine. Kilo ya hamira ni bora iende kwenye maandazi. Dawa yenye klorini kwa kiasi cha kuoshea bakuli haileti shida, lakini kumwaga chupa nzima kila wiki huua vijidudu vinavyofanya kazi, na tope hujaa haraka. Usiichanganye kamwe na ile tindikali ya kung'arishia choo, kwani mchanganyiko wao hutoa gesi ya sumu papo hapo. Mafuta ya taa yasiingie humo kabisa.

Majivu ndiyo yanayowachanganya watu, kwa sababu kwa choo cha shimo ni ushauri mzuri. Kopo la majivu makavu baada ya kutumia hupunguza harufu na nzi. Kwenye tangi la maji, majivu huzama, yanakuwa tope, na unalipia kuyanyonya.

Kifuniko nacho kina utata wake. Choo cha shimo kisicho na bomba la hewa kifunikwe kila wakati. Lakini kile chenye bomba refu lenye wavu, mtindo uliobuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, hutegemea hewa iingie kupitia mlangoni, ishuke kwenye tundu na kupanda bombani. Ukilifunika tundu kabisa, umelizima bomba. Ndani pawe na giza, ili nzi aliyezaliwa shimoni afuate mwanga wa juu ya bomba na kunaswa na wavu. Tunawaona watu wakijenga choo hiki vizuri kisha wanakiwekea dirisha kubwa, na baadaye wanashangaa nzi wanatoka wapi.

Anayefikiria kuliacha tangi la zamani na kuchimba jipya apime kwanza umbali kutoka kisimani. Mita 30 ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa, na shimo liwe upande wa chini wa mteremko, kitako chake kikiwa angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Upimaji huo ufanyike sasa, masika haya, maji yakiwa yamepanda. Shimo lililochimbwa kiangazi huwadanganya wengi.