Mtumba wa Kasekera: Hadithi Mashuhuri na Vitu Vilivyofichwa katika Njia ya Misafara ya Tabora

Miongoni mwa michezo ya kompyuta iliyojipatia wapenzi wengi tangu mwanzoni mwa karne hii, umo ule wa kusaka vitu vilivyofichwa. Mchezaji huwekewa picha ya chumba kilichosheheni vikorokoro, akapewa orodha ya majina, akatakiwa avitambue vitu hivyo kimoja kimoja kabla ya kuruhusiwa kuendelea na kisa. Mtangulizi wake ni vitabu vya picha vya watoto, kama vile vya Mwingereza Martin Handford vilivyoanza kutoka mwaka 1987. Soko lake lilipanuka baada ya kampuni ya Big Fish Games ya Seattle, Marekani, kutoa Mystery Case Files: Huntsville mwaka 2005. Baadaye watunzi wakageukia visa vinavyojulikana tayari. Dark Parables: Curse of Briar Rose ya mwaka 2010, kwa mfano, imejengwa juu ya ngano ya binti mfalme aliyelala usingizi wa miaka mingi.

Swali la mhadhara huu ni la ubora: tuupimeje mchezo wa aina hii unapodai kuisimulia hadithi kongwe? Ni rahisi kutazama uzuri wa picha na ugumu wa mafumbo, kisha kuishia hapo. Nionavyo mimi, kipimo cha kwanza ni uhusiano uliopo baina ya kitu kilichofichwa na kisa chenyewe. Nani amekificha, na kwa sababu gani? Katika michezo mingi jibu ni kwamba hakuna aliyekificha. Mkasi umening'inia kwenye tawi la mti kwa kuwa orodha inautaka mkasi. Uondoe mkasi, uweke nyundo, na hadithi haitatikisika hata chembe.

Wenyeji wa fasihi simulizi watakumbuka kwamba mchezo wa kuficha vitu si mgeni kwetu. Mtega kitendawili naye huficha kitu, ila hukificha ndani ya maelezo ya kitu hicho hicho. Anayetaja nyumba isiyo na mlango ameficha yai, wala hawezi kuliondoa yai akaweka kiazi, maana kitendawili kizima kitabomoka. Na anayeshindwa kufumbua hudaiwa mji, jambo linaloonyesha kwamba wazee wetu hawakuuona mchezo huo kuwa wa bure.

Ili kipimo hiki kisibaki nadharia tupu, tukijaribu juu ya hadithi mojawapo iliyosambaa duniani kote, nayo Tabora imo ndani yake: hadithi ya David Livingstone na Henry Morton Stanley. Tangu Stanley alipochapisha How I Found Livingstone mwaka 1872, kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi mno. Mtunzi wa mchezo angelikimbilia tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambako wawili hao walifika pamoja mwezi Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka mwezi Machi. Livingstone akabaki kuwasubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Orodha ya chumba hicho ni rahisi kuibuni: dira, saa, daftari, chupa ya dawa. Picha ingependeza. Lakini vitu hivyo vyote ni vya mgeni, na vingeweza kuhamishiwa chumba chochote cha msafiri yeyote wa Kizungu.

Vitu vilivyoiendesha njia hii vilikuwa vingine: merikani, kitambaa kilichoitwa hivyo kwa sababu ya viwanda vya Marekani kilikotoka, kaniki ya India, masango ya shaba, na ushanga wa aina nyingi, kila aina na jina lake na soko lake. Nguo ilipimwa kwa doti, yaani mikono minane, na mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32. Aliyechukua ushanga usiopendwa mahali fulani aliweza kulala na njaa akiwa na mizigo tele. Msamiati wa aina hii umo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901, na katika maisha ya Tippu Tip aliyoyaeleza mwenyewe, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mjini Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwanafunzi wa leo huyasoma maneno hayo bila kuwa na taswira yake. Hata mtumba, ambao kwake ni nguo iliyokwisha kuvaliwa, ulikuwa mzigo uliofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi. Mchezo unaomlazimu mtu kutofautisha merikani na kaniki ungekuwa na manufaa ambayo kamusi zetu hazijaweza kuyatoa.

Na hadithi hii ina kitu kilichofichwa kweli kweli. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili juani, wakautia katika gome la mti, wakaanza safari ya kuelekea pwani. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, yaani Tabora hii hii, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza. Cameron akawashauri wamzike hapo. Wakakataa. Cameron alivichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu, mwili hakuupata.

Mashariki ya Unyanyembe, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite nchini mwao. Ndipo wasafiri wakafanya hila. Waliutoa mwili katika gome, wakaufunga upya ukawa kama mtumba wa kawaida wa nguo. Kisha wakakata mabua, wakayafunga pamoja na kuyaviringishia nguo hata yakafanana na maiti. Wakakunja karatasi mfano wa barua, wakaibana katika ufa wa kijiti kama ilivyokuwa desturi ya matarishi, na watu sita wakaondoka wakijifanya wanairudisha maiti Unyanyembe. Walipofika mbali waliyatupa mabua porini, wakarejea kwa siri. Msafara ukaendelea, ukafika Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Hapa kipimo chetu kinapata kazi. Kitu kimefichwa, tunawajua waliokificha, tunaijua sababu, na kimefichwa ndani ya kitu cha kawaida kuliko vyote katika njia ile. Hakuna mwandishi wa michezo aliyehitajika kukibuni. Ajabu ni kwamba kisa kinapofupishwa, sehemu hii ndiyo huachwa kwanza, na pamoja nayo huachwa akili za Susi na Chuma. Wakabaki wabebaji tu.

Nitaongeza kipimo kimoja zaidi, kwani njia hii haikupitisha nguo na pembe pekee. Ilipitisha watumwa, na katika maelezo ya Tippu Tip mateka na pembe za ndovu hutajwa kwa sauti ile ile ya mfanyabiashara. Mchezo utakaoweka mnyororo katika orodha, kati ya kibuyu na taa, ili ubonyezwe na kutoweka kwenye skrini, utakuwa umeurithi mtazamo huo bila kujua. Mnyororo hauwezi kuwa pambo la chumba. Ukiwamo, mchezaji sharti akutane na aliyefungwa nao, kwa jina kama lipo katika maandishi.

Kwa hiyo, iwapo wanafunzi wa kompyuta watashirikiana na wenzao wa Kiswahili kuijaribu kazi hii, napendekeza waanzie Kasekera badala ya Kwihara. Orodha ya kwenye skrini ingesomeka hivi: gome la mti, mabua, nguo, kamba, kijiti chenye barua. Mwili usitajwe katika orodha, na mchezaji asioneshwe ni mtumba upi kati ya mitumba yote iliyopangwa pale.