Mkono wa 1968

Kuna swali ambalo limevuruga vikao vingi vya kahawa jijini Dar es Salaam: je, ni kweli Simba ilifungwa na Yanga mabao matano kwa bila mwaka 1968? Shabiki wa Jangwani, yaani wa Yanga, hujibu ndiyo kabla swali halijaisha, na tarehe anaitaja, Juni 1. Shabiki wa Msimbazi, yaani wa Simba, aliyekomaa hakurupuki. Anapiga funda la kahawa, anatulia, kisha anasema kwamba mwaka huo hapakuwa na timu iitwayo Simba. Iliyopigwa mkono siku ile ni Sunderland.

Kwa jina, hajakosea. Klabu hiyo iliyoanzishwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Yanga, imepitia majina kadhaa: Queens, Eagles, kisha Dar Sunderland, jina lililoazimwa kwa klabu ya Uingereza inayovaa mistari myekundu na myeupe. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971, kipindi ambacho majina ya kigeni yalikuwa yakiachwa katika kila kona ya nchi, na wanachama wa zamani humtaja Sheikh Abeid Amani Karume kuwa ndiye aliyewahimiza watafute jina la nyumbani. Kwa hiyo utetezi upo.

Tatizo ni kwamba mtani naye ana jibu. Ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1965, ulichukuliwa na Sunderland, na wa 1966 vilevile. Msimbazi huihesabu miaka hiyo miwili katika mataji yao, tena kwa haki. Basi mtani anauliza: kama mabao matano ni ya Sunderland, makombe nayo ni ya nani? Hapo ndipo wengine huanza kutafuta viatu vyao.

Asiyeupenda mpira huyaona mabishano haya kuwa porojo za kupitisha jioni. Anakosea sana. Historia ya klabu za Afrika Mashariki imeandikwa kidogo mno. Kumbukumbu za vyama zimepotea kwa uzembe na kwa migogoro ya uongozi, na magazeti ya zamani yamechakaa au yameishia kufungia maandazi. Kilichobaki hai kwa sehemu kubwa kimo vinywani mwa watu wanaoulizana maswali ya mtego kuhusu majina, vifupisho, jezi na vikosi. Na kila jibu ukilichimba unakuta chini yake amri ya serikali, au mwajiri, au ugomvi wa wanachama.

Jina la Simba lenyewe lina mtego mwingine, mkali zaidi. Mwaka 1972 Simba ilicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kufungwa na Hafia ya Guinea. Kijana wa Msimbazi anayesikia hayo mara ya kwanza hujaa fahari, mpaka aelezwe kwamba Simba hiyo ilikuwa ya Uganda, timu ya jeshi. Simba ya Dar es Salaam ilifika nusu fainali ya kombe hilohilo mwaka 1974 na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Simba wawili, nchi mbili, miaka miwili tu kati yao. Anayeweza kuwatenganisha bila kusita anastahili kuheshimiwa kijiweni.

Wala mchezo huu wa majina haukuishia enzi za mababu. Novemba 29, 2022 Ihefu ya Mbarali iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Lakini mkoa huohuo ulikuwa na timu nyingine, iliyopanda daraja ikiwa na herufi za benki, DTB, ikageuka Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, mwishoni ikabaki Fountain Gate tupu. Miaka thelathini ijayo mtu atauliza ni nani aliyekata mwendo wa Yanga, mwingine atajibu Singida, na watu watakesha. Ni vyema mtu ayaandike haya sasa, wakati wachezaji na viongozi wake bado wapo.

Nchini Kenya fundisho kubwa limo katika herufi tatu. Mwaka 1964 vilabu kadhaa vya jamii za Waluhya viliungana na kuwa Abaluhya United, baadaye Abaluhya Football Club, yaani AFC. Kufikia mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilikuwa imeamua kuvifuta vyama vya kikabila, na klabu za mpira nazo zikatakiwa kuvua majina ya makabila. Luo Union, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, ikawa Reunion. Viongozi wa Abaluhya walifanya jambo la akili zaidi: walizibakiza herufi na kubadili maana yake. AFC ikawa All Footballers Confederation, na mbele yake likawekwa jina la Leopards. Amri ikatiiwa, na shabiki akabaki na herufi alizozoea kuziimbia. Chui huyo, Ingwe kwa lugha ya nyumbani, alitwaa ubingwa wa kanda mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Ndiyo maana mzee wa Kakamega akikuuliza kirefu cha AFC, usikimbilie kujibu. Muulize kwanza ni ya mwaka gani.

Mahasimu wao, Gor Mahia, wanabeba jina la mtu: mganga mashuhuri katika masimulizi ya Wajaluo. Klabu hiyo ilizaliwa mwaka 1968, na mwaka 1987 ikawa ya kwanza Kenya kutwaa kombe la bara, ilipoitoa Esperance ya Tunisia kwa faida ya bao la ugenini baada ya sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi.

Vifupisho vingine ni vya kazi. KMKM ya Zanzibar ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi, KVZ ni Kikosi cha Valantia Zanzibar, na Mafunzo ni timu ya magereza ya Visiwani. Kampala, KCC ilianza mwaka 1963 miongoni mwa wafanyakazi wa idara ya majitaka ya halmashauri ya jiji. Halmashauri ilipogeuzwa kuwa mamlaka, timu nayo ikaongeza herufi moja na kuwa KCCA. Tanzania Bara kulikuwa na Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi. Orodha ya washiriki wa ligi wa miaka hiyo inakuonyesha nani aliajiri watu wengi, nani alikuwa na basi la kusafirishia wachezaji, na nani angeweza kumpa mfungaji kazi ya karani huku akijua hatakanyaga ofisini. Mashirika yalipobinafsishwa au kufa, timu nyingi zilikufa nayo.

Safari ndefu ya majina kuliko zote ni ya klabu ya Lubumbashi, Kongo. Mwaka 1939 watawa wa Kibenedikto waliunda timu ya vijana wa shule wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi. Mwaka 1966, baada ya kuzoa kila taji lililokuwa mbele yake, ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote, na ndizo herufi TP zinazotangulia jina la Mazembe hadi leo. Ikawa bingwa wa Afrika 1967 na 1968, tena 2009 na 2010, na mwishoni mwa 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya vilabu, ilipofungwa 3-0 na Inter. Mamba aliyeng'ata mpira kwenye nembo yake anajulikana kila Kiswahili kinaposemwa. Herufi hizo zinasikika pia Mwanza, ambako mashabiki wa Pamba huiita timu yao TP Lindanda.

Watanzania waliikumbatia Mazembe zaidi baada ya Mbwana Samatta kutua huko mwaka 2011 akitokea Simba. Kabla ya hapo alikuwa Mbagala Market, timu ambayo nayo, kama ilivyo kawaida, ilibadilika jina na kuwa African Lyon.

Jezi zina elimu yake. Namba mgongoni zilianza kuonekana katika ligi ya Uingereza Agosti 25, 1928, Arsenal na Chelsea zilipozivaa, na kwa miongo mingi zilimaanisha nafasi uwanjani, moja hadi kumi na moja. Uingereza kwenyewe mambo yalibadilika mwaka 1993, kila mchezaji wa Ligi Kuu alipopewa namba yake ya msimu mzima na jina juu yake. Tanzania hesabu ya zamani haijafutika vinywani. Namba mbili ni beki wa kulia, namba tatu wa kushoto, nne na tano wanalinda katikati, sita anakaba mbele yao, saba na kumi na moja wako pembeni, tisa anafunga. Mchezaji anaweza kuvaa 38 mgongoni na bado akaitwa namba sita safi. Magazeti ya michezo huandika vikosi kwa mpangilio huohuo, kuanzia kipa hadi winga wa kushoto, na aliyeingia badala huwekwa baada ya mkwaju pamoja na dakika. Anayesoma mara moja kwa wiki kwa miaka kumi hatahitaji kukariri. Vikosi vitajipanga vyenyewe kichwani.

Redio ilisaidia kwa nguvu. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti kama za Ahmed Jongo na Charles Hilary ziliwaonyesha wasikilizaji uwanja wasiouona: timu gani imevaa nini, na inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. Mamilioni walizijua rangi za timu ambazo hawakuwahi kuzitazama.

Na rangi si jambo la mzaha. Nyekundu ni ya Msimbazi. Kijani na njano ni za Jangwani. Wakati Vodacom ilipokuwa mdhamini wa Ligi Kuu, nembo yake nyekundu ilizua mgogoro Yanga, na suluhisho likawa kuichapa kwa rangi nyeusi kwenye jezi zao. Mwaka 2021 ikawa zamu ya upande wa pili: kampuni ya GSM, ambayo ni mfadhili wa Yanga, ilipoingia udhamini mwenza wa ligi, Simba walikataa kuibandika kwenye jezi, na miezi michache baadaye mkataba huo ukavunjika. Tangu hapo uzinduzi wa jezi umekuwa tukio lenye uzito wake. Yanga walimpa kazi mbunifu wa mavazi Sheria Ngowi, na Julai 2023 jezi mpya ya Simba ilipandishwa hadi kileleni Kilimanjaro.

Kwenye vikosi, mtihani wa kwanza huwa ni mechi za watani. Julai 19, 1977, Simba 6, Yanga 0: nani alifunga matatu? Abdallah Kibadeni, hilo kila mtu analijua. Swali la watu wazima ni la Mei 6, 2012, Simba iliposhinda 5-0: kipa gani alifunga? Juma Kaseja, kwa penalti. Patrick Mafisango, mmoja wa wafungaji wa siku hiyo, alifariki kwa ajali ya gari siku kumi na moja baadaye, na jina lake likitajwa hata watani hunyamaza. Wa Jangwani nao wana Novemba 5, 2023, 5-1, na Maxi Nzengeli aliyefunga mawili.

Lakini kikosi ambacho wazee hukitaja kwa mapenzi kuliko vyote si cha Simba wala Yanga. Ni Taifa Stars ya 1980 iliyokwenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika: Juma Pondamali na Athumani Mambosasa langoni, Leodegar Tenga na Jella Mtagwa katika ulinzi, Hussein Ngulungu katikati, Peter Tino na Thuwein Ally mbele. Wanahistoria wa kijiweni wanakitumia kunasa wasiojua. Wanauliza nani alifunga bao la kwanza la Tanzania katika fainali hizo, na karibu kila mtu hujibu Peter Tino, kwa sababu bao lake la Ndola dhidi ya Zambia ndilo lililowavusha. Jibu ni Juma Mkambi, aliyeitwa Jenerali, dhidi ya Nigeria Machi 8, katika mechi iliyoisha 3-1. Thuwein akafunga moja dhidi ya Misri na jingine dhidi ya Ivory Coast, kisha Stars wakarudi nyumbani.

Bao lililofuata la Tanzania kwenye fainali hizo lilisubiriwa miaka 39. Lilifungwa na Simon Msuva, aliyewahi kuchezea Yanga, Juni 27, 2019 jijini Cairo, na la pili akaongeza Samatta, aliyewahi kuchezea Simba. Mpinzani alikuwa Kenya. Alishinda 3-2, mawili yakiwa ya Michael Olunga, aliyewahi kuwa mfungaji wa Gor Mahia, na jingine la Johanna Omolo.