Nyundo Inayoitikia

Mhunzi wa majembe hafui peke yake. Anashika chuma chekundu kwa koleo, anagonga kwa nyundo ndogo mahali anapopataka, na mwenzake anashusha nyundo kubwa papo hapo. Mmoja anaita, mwingine anaitikia: paukwa, pakawa. Wajapani wana neno aizuchi kwa zile "naam" na "enhe" za msikilizaji, na asili yake ni uhunzini: ni nyundo ya msaidizi inayopokezana na ya bwana wake. Kipimo hicho cha kuitikia ndicho ninachopimia kila nyundo ya mashine.

Nayawaza haya nikiwa Plateau, Kenya, penye stesheni ya reli iliyofika Eldoret mwaka 1924. Uwanda huu umezoea chuma kinachohama na watu. Mwandishi Mwingereza Hollis aliandika mwaka 1909 kwamba wahunzi wa Wanandi, kitongik, walikuwa na asili ya Wamaasai wa Uasin Gishu waliokimbilia kwao baada ya kushindwa vitani. Kwa Wamaasai wenyewe mhunzi alihitajika kwa mkuki, ila binti hakuozwa kwake. Mwaka 1908 wakaja Makaburu na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Leo chuma chetu kizuri ni springi za malori, nacho ni kigumu kufua: kipande kinapoa kabla mkono haujamaliza, kinarudishwa motoni, makaa yanaisha.

Uingereza ilijibu shida hiyo kwa ukubwa. Mwaka 1839 James Nasmyth alichora nyundo ya mvuke kwa ajili ya shafti ya meli Great Britain. Meli ikabadilishiwa mtambo, mchoro ukabaki karatasini hadi Wafaransa wa Le Creusot walipoiunda nyundo hiyo. Inasifiwa kwa nguvu, lakini mimi naisifu kwa utiifu: inasimuliwa kuwa iliweza kupasua yai lililowekwa ndani ya glasi bila kuivunja glasi. Hata hivyo, inadai bwela na kiwanda kizima.

Wahunzi wa nyumbani Marekani wamepita njia iliyo karibu zaidi na mafundi wetu wa jua kali. Mota ya nguvu farasi 1 imefungwa roli ndogo. Ukikanyaga pedali, roli inagusa tairi la gari. Tairi linazunguka, na pini iliyo kwenye rimu inavuta mkono wenye springi unaopandisha na kushusha kichwa cha kilo 23 hivi. Kanyaga kidogo, roli inateleza na pigo linakuwa jepesi; kandamiza, nalo linakuja kwa nguvu zote. Mguu wa mhunzi umechukua nafasi ya nyundo yake ndogo.

Kuna kinachopotea, nami kinaniuma. Kijana wa nyundo kubwa hujifunza ufundi kwa kuitikia: mwaka mzima anatazama rangi ya chuma akiwa hatua moja kutoka kwenye fuawe. Karakana yenye wanagenzi isimnyang'anye nafasi hiyo. Lakini fundi ambaye msaidizi wake amehamia bodaboda aijenge nyundo hii, wala asione haya.

Akiijenga, asibanie uzito wa fuawe. Fuawe iwe angalau mara 10 ya kichwa, yaani kilo 230, isimame juu ya zege. La sivyo pigo linamezwa na ardhi. Reli chakavu zilizounganishwa wima zinafaa, mradi zina risiti.

Tena asinakili mchoro wa Marekani kipofukipofu. Mota ya kule inazunguka kama mara 1,750 kwa dakika, kwa kuwa umeme wao ni wa hezi 60. Wetu ni wa hezi 50, hivyo mota ya aina hiyohiyo inafika 1,450 tu, na nyundo itachelewa kuitikia. Roli ipanuliwe kipenyo kwa sehemu moja ya tano: ya sentimita 5 iwe ya 6.