Kiroboto wa Angani na Swali la Mwalimu Wetu

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari yo yote ya historia itakayowafaa wanafunzi wa zamani na wadogo zetu walio madarasani. Wenzangu wa kidato changu wakiona kichwa cha habari hii watacheka, maana wanakumbuka vema mambo ya eropleni yetu. Acheni wacheke. Mimi nina deni la kulipa.

Tulipokuwa kidato cha tatu, mmoja wetu aliokota maktabani gazeti kuukuu la Kiingereza lenye picha ya ndege ndogo yenye mabawa mawili, moja mbele na jingine nyuma yake. Maandishi yalieleza kwamba mtu wa kawaida aliweza kuiunda nyumbani kwake kwa mbao na kitambaa. Basi tukapandwa na wazimu. Tulianza na mfano mdogo wa mianzi na karatasi, kisha tukaazimia kuunda ndege kubwa isiyo na injini, tuivute kwa kamba kuteremka kilima kilicho nyuma ya mabweni. Hata rubani alikwisha patikana: mwenzetu aliyekuwa mwembamba kuliko sote.

Mwalimu wetu wa fizikia alipopata habari alikuja, akatazama mchoro, akauliza swali moja tu: "Ikielekeza pua chini, itainukaje?" Tulijibu kwamba rubani atavuta usukani. Akauliza, "Na akivuta, isipoinuka?" Hakuna aliyejibu. Akazichukua mbao zetu akazifungia stoo. Tulimnung'unikia muhula mzima, na kinara wa manung'uniko nilikuwa mimi.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilikutana tena na ile ndege katika vitabu, na safari hii nilisoma habari yake mpaka mwisho.

Haja ya kumpa raia wa kawaida ndege yake mwenyewe ni ya zamani. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, alianza mwaka 1907 kuunda ndege ndogo aliyoiita Demoiselle, yenye kiunzi cha mianzi, na michoro yake akaiachia watu bure. Lakini aliyeifanya haja hiyo kuwa homa ya mataifa ni Mfaransa mmoja, Henri Mignet, aliyezaliwa mwaka 1893.

Mignet hakuwa mhandisi wa ndege wala rubani hodari. Ndege za kawaida zilimshinda kuzirusha, kwa kuwa zilitaka mikono na miguu ifanye kazi mbalimbali kwa wakati mmoja. Wengine wangekata tamaa. Yeye alisema kosa ni la ndege, si lake, akaendelea kuunda moja baada ya nyingine. Ya kumi na nne, HM.14, ndiyo iliyomletea sifa. Yeye na mkewe walipiga hema karibu na Soissons, akawa anaijaribu huko, na tarehe 10 Septemba, 1933 ikaruka.

Ilikuwa ndege ya ajabu. Upana wa mabawa yake ulikuwa kama mita 6, na uzito wake mtupu kama kilo 100. Injini yake ilikuwa ya aina ya pikipiki, yenye nguvu za farasi 17 tu. Haikuwa na vibawa vya kuilaza upande upande, wala pedali za miguu. Rubani alikuwa na usukani mmoja: akiupeleka kushoto au kulia, mkia uligeuka, akiuvuta au kuusukuma, bawa zima la mbele lilibadili mwinamo wake, na ndege ikapanda au kushuka. Mignet aliipa jina la Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Waingereza wakamgeuza chawa kuwa kiroboto.

Mwaka 1934 alitoa kitabu chenye maelezo yote ya kuiunda. Mwaka 1935 kikatafsiriwa kwa Kiingereza, na Agosti mwaka huo Mignet mwenyewe akaruka na ndege yake juu ya bahari mpaka Uingereza. Hapo homa ikapanda. Maseremala, makarani na mafundi wa magari wakaanza kugonga misumari vibandani na sebuleni mwao. Serikali ya Uingereza ikaweka kibali maalum kwa ajili ya ndege hizo za kujiundia.

Kisha watu wakaanza kufa. Ajali zilifanana mno. Ndege ilielekeza pua chini, mwinamo ukazidi, wala haikuinuka tena mpaka ikapiga ardhi. Wengine walidhani waundaji wamefanya kazi mbovu, au marubani hawajui kazi. Lakini katika waliokufa Uingereza walikuwamo hata marubani wa jeshi la anga.

Mwaka 1936 ndege nzima, si mfano, ziliwekwa ndani ya mahandaki makubwa ya upepo, huko Farnborough katika Uingereza na Chalais-Meudon katika Ufaransa. Jibu likapatikana. Mabawa yale mawili yalikaribiana mno, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ukiwa juu ya ukingo wa mbele wa bawa la nyuma. Ndege ikiwa imeinama sana, rubani akavuta usukani, ile nafasi baina ya mabawa ilizidi kuwa nyembamba. Hewa ikapita humo kwa kasi juu ya bawa la nyuma, bawa hilo likainuka, na kwa kuwa liko nyuma, pua ikazidi kushuka. Kwa hiyo rubani aliyevuta kwa nguvu zake zote ili ajiokoe alikuwa akijizamisha kwa mikono yake mwenyewe.

Niliposoma hayo niliufunga ule ukurasa nikakaa kimya. Lilikuwa ni swali la mwalimu wetu, neno kwa neno.

Viroboto vikapigwa marufuku. Hata hivyo Mignet hakukimbia. Alirekebisha umbo na nafasi ya mabawa, akaendelea kuunda ndege zenye muundo ule ule, zilizo salama zaidi, karibu mpaka alipofariki mwaka 1965. Wala haja yake haikufa. Mwaka 2004 Marekani ilitunga kanuni za ndege nyepesi za michezo, zenye viti visivyozidi viwili na, kwa zile za nchi kavu, uzito usiozidi kilo 600 zikiwa zimepakiwa. Mtengenezaji aliruhusiwa kuthibitisha ndege yake mwenyewe, lakini kwa kufuata viwango vilivyoandikwa na kukubaliwa, na majaribio kwanza. Hapo ndipo ilipo tofauti na mwaka 1935: wakati ule wananchi walipewa michoro kabla ya mtu ye yote kuipima ndege katika upepo.

Mimi sasa ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni kukagua majengo ya umma. Huletewa michoro mizuri na watu wenye haraka na nia njema. Wengi huondoka wakininung'unikia, kwa kuwa nimewauliza jambo moja ambalo hawakulitazamia. Siwalaumu, maana nami nilikuwa hivyo.

Wadogo zangu, sisemi msiunde kitu. Mignet asiye na cheo alithubutu, na wako wanaoruka leo kwa sababu yake. Undeni, lakini mwalimu akiwauliza swali msiloweza kulijibu, msimchukie. Kaeni chini mlitafute jibu kabla hajapanda mtu.

Mwalimu wetu alifariki kabla sijapata kumwambia kwamba nimelipata jibu. Yule mwembamba wetu yu hai, ana wajukuu wawili, na kila mkutano wetu huja na kula kuliko sote. Deni langu nalilipa hapa.