Zawadi za Mwambao: Kupeana Hakukuletwa na Krismasi

Desemba ikiingia, vijana wa kwaya, wafanyakazi wa ofisi na marafiki waliosoma pamoja huanza kupanga jioni yao ya kupeana zawadi huku mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, tangu Nyanza-Lac na Rumonge mpaka Bujumbura. Majina huandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa na kutiwa kikapuni. Kila mtu huchota jina la mwenzake na kulificha moyoni hadi siku yenyewe. Mchezo huo unaitwa cacahuète, jina tulilolipokea kutoka kwa wenye Kifaransa. Siku ikifika, mwenye nyumba hutandika mikeka, hupika wali na samaki aina ya mukeke wa kukaanga, watu wakashiba, ndipo zawadi zikafunguliwa moja moja kwa vifijo.

Na kila mwaka husikika mzee mmoja au wawili wakinung'unika kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, kwamba babu zetu hawakujua kubadilishana zawadi kwa ajili ya sikukuu. Manung'uniko hayo yanastahili jibu, kwa sababu yanawapokonya watu wa mwambao huu kitu ambacho ni chao. Vikaratasi ni vya kigeni, sawa. Lakini kumkalisha mgeni, kumlisha, kumpa kitu na kungoja naye atoe chake ni desturi iliyokuwapo katika pwani hii ya Tanganyika kabla ya padri wa kwanza kutia nanga. Ushahidi upo katika vitabu vya wageni wenyewe waliopita hapa kwa mitumbwi, hasa viwili: cha Richard Burton kilichochapwa 1860, na cha Henry Morton Stanley cha 1872.

Huko bara, milimani, mambo yanajulikana. Ubugabire uliwafunga mtoaji ng'ombe na mpokeaji kwa miaka mingi, ndama akirudi siku moja kwa aliyetoa. Kila mwisho wa mwaka umuganuro, sikukuu ya mtama, uliwakusanya watware, yaani wakuu wa sehemu, na wananchi kwa Mwami, mfalme wa nchi, wakiwa na vikapu, pombe na mifugo, na Mwami naye akatoa. Vitabu vya shule vinayasema hayo. Visichosema ni habari ya huku chini, ufukweni.

Huku ufukweni kupeana kulikuwa kazi ya kila siku. Chumvi ya Uvinza ilipanda kaskazini. Mawese, watumwa na pembe vilishuka. Soko la Ujiji lilihesabu kwa shanga zilizoitwa sofi, na waliopenda rangi walitaka samesame nyekundu. Mtumbwi ukisimama kijijini, mkuu wa mahali alidai hongo, yaani ada ya kupita, iliyolipwa kwa nguo na shanga. Na hapa ndipo wasomaji wengi wa vitabu hivyo hukosea. Wanaona unyang'anyi tu. Kanuni ilikuwa na upande wa pili: aliyepokea nguo alipaswa kutoa chakula. Mgeni aliyelipa akaondoka na njaa alikuwa amedhulumiwa, na kijiji cha mwenyeji wake kilikuwa kimejivunjia jina.

Burton na mwenzake John Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakitafuta mitumbwi ya kwenda kaskazini, wakalazimika kuzungumza na Kannena, mkuu wa Kawele. Mazungumzo yalikuwa marefu na machungu, Burton akilalamika kila ukurasa. Mwisho anasimulia kwamba alimtupia Kannena mabegani joho jekundu la futi 6, na mkuu huyo akatetemeka kwa furaha. Safari ikaanza Aprili, ikapita kando ya Urundi, yaani Burundi ya leo, na kufika Uvira mwishoni mwa mwezi huo. Burton aliona tamaa katika kutetemeka kule. Mimi naona mtu aliyepewa zawadi iliyomfaa, mbele ya watu wake.

Miaka 13 baadaye ilifuata safari yenye kisa kinachostahili kusimuliwa kirefu.

Novemba 1871 Stanley alimkuta Daktari David Livingstone pale Ujiji. Maneno ya salamu yao yanajulikana duniani kote. Yanayosahaulika ni chakula cha siku hiyo. Wakiwa wamekaa barazani, majirani walianza kuleta chakula. Sayd bin Majid aliwaletea maandazi ya nyama, ya moto. Muhammad bin Sali akaleta kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Kheri akaleta nyama ya mbuzi na wali. Sinia zilifuatana, na Stanley anakiri kwamba kila iliyofika waliishughulikia papo hapo. Yeye naye akaagiza chupa ya shampeni aliyoibeba tangu pwani ya bahari, na vikombe vya fedha, akamnywesha Daktari. Ukitafuta karamu ya kupeana vitu kati ya marafiki katika mwambao huu, yenye tarehe na majina, hiyo hapo, na hakuna aliyeifundisha Ujiji namna ya kuifanya.

Kisha wawili hao waliamua kwenda kuona kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Mtumbwi waliutumia wa Sayd bin Majid, uliochongwa kwa mvule wa Ugoma. Walipiga makasia kando ya pwani, wakavuka mpaka wa Ujiji na Urundi, na siku ya tano wakasimama Mukungu, katika pwani ya kusini ya Urundi.

Giza lilipoingia, Mateko wa Mukungu, cheo kilichokuwa chini ya mutware, alikuja kudai hongo: doti 2 na nusu, ambazo ni mikono 20 ya nguo. Mali ilikuwa ya Stanley, lakini Livingstone ndiye mkubwa kwa umri, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimamia mapatano, na Stanley alikaa pembeni akiwa na hamu ya kuona mzee huyo atafanyaje.

Livingstone hakubishia kiasi. Aliuliza swali moja: je, sisi tumeletewa nini? Akajibiwa kwamba usiku umeingia, hakuna kinachoweza kupatikana, lakini wakilipa sasa, siku ya kurudi Mateko atakuwa tayari na kitu cha kuwapa. Daktari akatabasamu. Akasema basi kama zawadi yenu itakuja siku ya kurudi, na hongo yetu tuiweke mpaka siku hiyo. Mateko akashtuka, akakataa. Wageni wakamsihi alete kondoo mmoja tu, kondoo mdogo, maana walikuwa wamengoja zaidi ya nusu siku na matumbo yalikuwa matupu. Mzee huyo akaenda upesi, akarudi na mwanakondoo na chungu cha galoni 3 cha pombe ya mchikichi, tamu na kali, ambayo Stanley anaiita zogga. Hapo ndipo Livingstone alipomkabidhi nguo zake.

Hiyo ndiyo desturi yenyewe. Mateko alijua kwamba anadaiwa chakula. Alijaribu kukichelewesha, akakumbushwa, akatimiza. Livingstone alishinda kwa kuijua kanuni ya wenyeji. Alikuwa amekaa Afrika miaka mingi kuliko Stanley, na tofauti ilionekana.

Usiku wa manane ukawa wa hasara. Walioachiwa mtumbwi kuulinda walikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na Bombay, mkuu wa msafara wa Stanley. Wote wawili walikunywa zogga wakalala fofofo. Asubuhi vitu havikuwapo: kamba ya Daktari ya kupimia kina, yenye pima 900, risasi 500 za bunduki za Stanley na nyingine 90 za gobori, mfuko mkubwa wa unga, na sukari nyeupe yote aliyokuwa nayo Livingstone. Kamba ile ndiyo inayoniuma. Pima 900 ni zaidi ya mita 1,600, na kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470. Livingstone alikuwa na kamba ya kugusa chini ya ziwa hili, ikapotelea Mukungu.

Stanley anaandika kwa hasira kana kwamba wizi ule unawaeleza Warundi wote. Si haki. Watu walioiba usiku hawakuwa yule mzee aliyeleta mwanakondoo, na zawadi ilikuwa imekwisha kutolewa na kuliwa kwa amani. Isitoshe, kitabu hicho hicho kinaonyesha ukarimu mkubwa zaidi siku chache mbele, kwa mkuu Mukamba, kaskazini, karibu na mto Mugere. Huko wageni walikaa siku mbili, wakilishwa na kunyweshwa pombe bila kipimo. Usiku wa pili Susi alilewa tena. Akaingia kitandani kwa Livingstone gizani, akajivutia mablanketi yote. Daktari, akidhani ni Stanley, alijisogeza pembeni, mpaka asubuhi alipohisi baridi, akainuka kwa kiwiko akaona kwamba ni Susi. Akamwamsha kwa makofi na kumkemea.

Watu hucheka kisa hicho, na wacheke. Ila wakumbuke kwamba Susi huyo, pamoja na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao, ndio waliobeba maiti ya Livingstone baada ya kifo chake mwaka 1873 kutoka nchi ya Chitambo hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mingi, bila mtu wa kuwaamuru.

Kituo cha Mugere kina jiwe lake hadi leo, lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni hupelekwa kulipiga picha, na wengine huambiwa kimakosa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana. Mukamba aliyewalisha hatajwi kwenye jiwe. Tumehifadhi majina ya waliopokea na kusahau jina la mtoaji.

Safari ya Stanley na Livingstone iliisha katikati ya Desemba, wakarudi Ujiji kwa Krismasi. Stanley alitaka karamu kamili ya kwao, kwa vyakula alivyoweza kuvipata sokoni. Mpishi wake, Ferajji, aliunguza nyama, akaunguza na kastadi ya maziwa na mayai. Chakula kikaharibika chote. Stanley anaandika kwamba Ferajji aliepuka kipigo kwa sababu tu yeye Stanley alikuwa dhaifu kwa homa, hawezi kuinua mkono. Hiyo ndiyo Krismasi yao ya mwambao huu mwaka 1871: mwenyeji aliyetaka kumpiga mpishi. Nikipewa nafasi ya kuchagua karamu ya kuiga, nitachagua ile ya sinia za majirani ya mwezi wa Novemba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879. Mei 1881 mapadri wawili na msaidizi wao mlei waliuawa kwa ugomvi juu ya mtoto. Wajerumani wakaja, kisha Wabelgiji. Hongo iliyorudisha kondoo ikafutwa, ikaletwa kodi isiyorudisha kitu. Umuganuro ulikoma mwaka 1929 chini ya utawala wa Kibelgiji, na Krismasi ya kanisa ikabaki peke yake kuwa sikukuu ya Desemba. Ndiyo maana leo kijana anadhani zawadi ilizaliwa na Krismasi: sikukuu yake ya zamani iliondolewa kabla babu yake hajazaliwa.

Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, mauaji yakafuata nchini kote, na maelfu ya watu wa mwambao wakakimbilia Tanzania. Waliozaliwa huko, katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walirudi miaka ya baadaye na Kiswahili chao na namna zao za kusherehekea, wakakuta mashamba ya michikichi yana watu wengine. Wapo waliopatana na majirani kwa njia ile ile ya kale, chakula kwanza, maneno baadaye.

Leo jioni za Desemba zimejaa, na ni jambo la kufurahia katika nchi ambayo majirani waliwahi kuogopana. Linalosikitisha ni kilichomo ndani ya makaratasi ya rangi: saa za plastiki, vikombe vyenye maandishi yasiyosomeka, maua ya nailoni. Kima cha bei kinapangwa juu, na wasio na uwezo wanatoa udhuru wa ugonjwa ili wasiaibike. Nyanza-Lac ina mawese na ndagala wakavu. Rumonge ina sabuni ya mawese na machungwa. Chupa ya mawese mekundu kutoka shamba la mtu haina aibu yoyote mbele ya kikombe cha dukani, na mpokeaji ataitumia mwezi mzima akimkumbuka aliyetoa.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga jioni ya mwaka huu, pangeni kima ambacho mvuvi anaweza kukifikia, na zawadi iwe kitu cha ziwa au cha shamba. Lisheni watu kabla ya kufungua zawadi. Mpishi aketi nanyi, na jina lake liwemo kikapuni. Na kwa walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Burundi na viongozi wa mkoa mpya wa Burunga: njooni mkae na wazee wa Nyanza-Lac, muwaulize juu ya Mukungu na juu ya Mateko aliyeleta mwanakondoo usiku, kisha mweke kibao chenye habari zake pale pwani, kama ambavyo wageni wake wamewekewa jiwe Mugere.