Dola 300 za kopo la biskuti

Mwaka 1948, mjini Binghamton, jimbo la New York, Marekani, kijana wa miaka 18 aitwaye Dick Stack alikuwa kibarua katika duka la vifaa vya jeshi vilivyobaki baada ya vita. Tajiri wake alijua kijana anapenda mno kuvua samaki, akamtaka aandike orodha ya vitu vya kununua ili duka lianze kuuza zana za uvuvi. Dick alikesha akiiandaa. Tajiri aliitazama tu, akaikataa na kumwambia hajui kitu. Kijana akaacha kazi.

Akaenda kumweleza bibi yake. Bibi hakumpa pole nyingi. Alimuuliza mtaji unaotakiwa ni kiasi gani. Dola 300. Akaenda kwenye kopo la biskuti alimoweka akiba yake, akazitoa, akamwambia akaanze. Kwangu mimi, huyu bibi ndiye mwekezaji mkubwa kuliko wote waliomfuata. Benki gani ingemkopesha kijana asiye na ajira kwa kuwa tu anajua ndoana na chambo?

Ndivyo ilivyozaliwa Dick's Sporting Goods. Kwa miongo kadhaa lilibaki duka la familia, likiongeza bidhaa za michezo mingine polepole. Mwaka 1984, mwanawe Ed na ndugu zake walipolinunua kwa baba yao, yalikuwa maduka 2 tu. Ed ndiye aliyeyatoa Binghamton, akajenga maduka makubwa ambamo mcheza gofu, mkimbiaji na mvuvi wote hupata mahitaji yao. Makao makuu yalihamia Pittsburgh mwaka 1994, na mwaka 2002 hisa zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York.

Mtihani mkubwa ulikuja Februari 2018, wanafunzi na wafanyakazi 17 walipouawa kwa risasi shuleni Parkland, Florida. Ed aligundua kwamba muuaji aliwahi kununua bunduki katika duka lake, ingawa siyo iliyotumika siku hiyo. Akasitisha uuzaji wa bunduki za mtindo wa kivita. Zile zilizobaki, za takriban dola milioni 5, hakuzirudisha kwa watengenezaji. Aliagiza ziharibiwe ziwe chuma chakavu. Wateja wengine walisusa na mauzo yakaumia, lakini alifanya lililo sahihi.

Mwaka 2025 kampuni hiyo iliinunua Foot Locker, wauzaji maarufu wa viatu vya michezo, kwa takriban dola bilioni 2.4.